Kabla hujamcheka bi harusi wa Sepuka: historia ya unga uliowatoa jasho wake wapya watatu

Mwiko umesimama wenyewe katikati ya sufuria kama mlingoti wa bendera. Ndani kuna kitu cha kijani, kizito, kinavutika kama gundi ya fundi viatu. Bi harusi, siku ya nne ndoani, anafuta jasho kwa ncha ya kitenge cha zawadi ambacho bado kina mikunjo ya dukani. Nje ya jiko wifi zake wawili wamejiziba midomo kwa viganja, na mmoja tayari ana simu mkononi.

Huo ndio mlenda. Au tuseme ulikusudiwa kuwa mlenda.

Hapo ni Sepuka, kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Nchi ya alizeti, uwele, mtama, kuku wa kienyeji na upepo. Bi harusi katokea Mbagala, Dar es Salaam, na wiki mbili kabla ya harusi alifanyiwa kicheni pati ya nguvu: keki, mc, sufuria za kila saizi, na mashangazi wakipokezana maikrofoni kumfundisha namna ya kumshika mume. Kumshika mume kafundishwa saa nne. Mlenda hakuna aliyeutaja.

Jina lake halitajwi hapa, wala la mama mkwe, wala la bibi utakayekutana naye huko mbele. Wanawake hawa watatu wamechorwa kutokana na maisha ya wengi, na pengine mmoja ni shangazi yako. Lakini unga, njaa, redio na sheria zilizowapitia ni mambo ya kweli kabisa, yana miaka yake.

Turudi jikoni. Kosa lilikuwa wapi?

Kwa mtu wa pwani, mlenda ni majani mabichi unayakatakata, unachemsha, basi. Singida na Dodoma kuna mlenda mwingine, ule uliokaushwa juani na kusagwa ukawa unga wa kijani. Unakaa miezi na miezi, na ndio unaowavusha watu kiangazi pale mboga mbichi zinapokuwa hadithi. Huu haupikwi kwa kumimina. Unachemsha maji, unatia magadi kidogo sana, nyanya ukipenda, halafu unanyunyiza unga taratibu kwa vidole huku mkono mwingine unakoroga. Kijiko kimoja kinatosha sufuria ndogo. Bi harusi wetu aliuona uko kwenye kopo, akaona ni unga kama unga mwingine, akamimina kikombe kizima. Kabla ya hapo alikuwa amekaanga kitunguu, karoti, hoho na bizari, maana ndivyo video ya dakika moja ilivyomwelekeza kuhusu "mboga za majani".

Karoti kwenye mlenda. Haya.

Mama mkwe aliingia, akatazama sufuria, akamtazama mkwewe, akasema kwa upole unaouma kuliko matusi: "Pole mwanangu. Kwenu mnakula nini?"

Jioni hiyo picha ya mwiko uliosimama ikawekwa status. Na kama ilivyo ada, hukumu ikashuka: wasichana wa siku hizi hawajui kupika, wanajua kupaka kucha. Wasichana wa siku hizi ni wa chipsi. Wasichana wa siku hizi, wasichana wa siku hizi.

Ngoja kidogo. Kwenye kigoda pembeni ya ukuta amekaa bibi yake bwana harusi, ana miaka sabini na kitu, anatafuna polepole na hacheki. Ukitaka kujua kwa nini hacheki, inabidi urudi nyuma sana.

Anza na jiwe. Kabla ya mashine yoyote, mke wa Kinyaturu alisaga. Chakula kikuu kilikuwa uwele na mtama, nafaka za asili ya Afrika yenyewe, zinazovumilia ukame ambao mahindi yanaukimbia. Mtama ulitwangwa kwanza kwenye kinu ili uachie ganda, ukapepetwa kwa ungo, ndipo ukasagwa juu ya jiwe kubwa kwa jiwe dogo, mtu amepiga magoti. Uwele una kisirani chake: una mafuta mengi ndani ya punje, kwa hiyo ukishasagwa unga wake unawahi kuharibika na kuwa mchungu. Huwezi kusaga wa wiki nzima ukapumzika. Unasaga leo unga wa leo, kesho unga wa kesho. Ukisikia wazee wanasema mke mwema aliamka kabla ya jogoo, si mashairi hayo, ni hesabu ya unga tu.

Na usidhani ilikuwa kazi ya kudharaulika. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider aliishi kwa Wanyaturu kati ya 1959 na 1960, na baadaye, mwaka 1970, akatoa kitabu kizima kuhusu uchumi wao. Moja ya mambo aliyoyaeleza kwa kirefu ni jinsi nafaka iliyozidi ilivyogeuka mifugo. Shamba lililowekwa samadi vizuri lilizaa nafaka, nafaka ikabadilishwa mbuzi na ng'ombe, ng'ombe wakawa mahari, mahari ikaleta mke, mke akalima nafaka. Yaani ule unga aliokuwa anausaga bi harusi alfajiri ulikuwa na uzito kama wa pesa benki. Kuchezea unga ni kuchezea ng'ombe wa watu.

Bi harusi wa enzi hizo hakuja ugenini hajui kupika. Alijua tangu mtoto. Kilichomsumbua ni kuwa mama mkwe ana jiwe lake, chumvi yake na kipimo chake cha magadi. Alikosea vitu vidogo, akachekwa kidogo, akazoea.

Halafu ikaja 1974, na hapo ndipo bibi anapoingia.

Bibi aliolewa mwaka huo. Ulikuwa mwaka wa ajabu wa kuolewa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba hadi kufikia mwisho wa 1976 Watanzania wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji. Mwaka 1974 operesheni zikashika kasi nchi nzima. Wanyaturu hawakuzoea kukaa nyumba kwa nyumba kama mtaa wa Manzese. Kila boma lilikuwa na nafasi yake, na mashamba yenye samadi yamelizunguka. Sasa watu wakaambiwa wahame. Unaweza kubeba sufuria, mkeka, kuku wamefungwa miguu. Jiwe la kusagia si kitu cha kujitwisha kichwani.

Kwa hiyo pata picha: msichana kaolewa, kahamia kwa mume, na kwa mume kwenyewe kunahama. Hana jiwe alilozoea. Shamba jipya halina samadi. Na mvua zimegoma. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulipiga sehemu kubwa ya nchi, serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na wakati watu wanalima kwa kufa na kupona, meli zilikuwa zinashusha mahindi kutoka nje, mengi yakiwa ya Marekani. Mahindi ya njano.

Watu wakayatazama. Wakaupa unga wake jina palepale: yanga. Kisa ni rangi, maana klabu ya Young Africans, iliyoanzishwa 1935, ni kijani na njano, na jina la mitaani ni Yanga. Nchi nzima ikala yanga. Kuna mashabiki wa Simba waliofunga ndoa miaka hiyo, na Simba yenyewe ilikuwa imetoka tu kuacha jina la Sunderland mwaka 1971, ambao walilazimika kumeza Yanga mara mbili kwa siku mbele ya mke mpya. Maumivu hayo hayajaandikwa kwenye kitabu chochote cha historia, ila yapo.

Kwa bi harusi wa 1974 yanga ilikuwa mtihani wa kweli. Mikono yake ilijua uwele. Uwele na mtama vina namna vinavyonyonya maji, vina namna vinavyoshikana, ugali wake ni wa rangi nyeusinyeusi, na unajua umeiva kwa harufu. Sasa anapewa unga wa njano, umesafiri baharini, umekaa ghalani, haujulikani umesagwa lini. Unasonga kwa kipimo cha uwele, unapata madonge. Unaongeza maji, unapata uji. Unaongeza unga kuokoa uji, unapata madonge ndani ya uji. Harufu ni ya kigeni. Mkwe anauliza, "Hiki nini?" na jibu halipo, maana hata mkwe mwenyewe hajawahi kukiona.

Hapa ndipo bibi anapoacha kucheka. Leo bi harusi akiharibu sufuria, anatumwa mtoto dukani na shilingi elfu mbili. Mwaka ule unga ulikuwa wa mgao. Ukiunguza ugali jioni, hakuna ugali mwingine jioni hiyo. Watu kumi wanalala na njaa, wakijua ni mkono wa nani. Ukoko ulikwanguliwa ukaliwa. Msichana wa miaka kumi na tisa anakwangua sufuria ya kuungua mbele ya mashemeji watano waliokaa kimya. Hakuna aliyepiga picha, ila yeye anayo hiyo picha mpaka leo.

Kulikuwa na uvumi pia kwamba mahindi yale ni chakula cha ng'ombe huko Marekani. Ni kweli kwamba Wamarekani hulisha mifugo mahindi mengi ya njano. Lakini ile njano inatokana na virutubisho ambavyo mwili huvigeuza vitamini A, na mahindi meupe karibu hayana. Kwa hesabu hiyo sahani ile iliyodharauliwa ilikuwa na kitu ambacho ugali mweupe wa harusi za leo hauna. Hakuna aliyemwambia bibi wakati ule, na hata angeambiwa, utamu hauletwi na vitamini.

Ingawa karibu waambiwe. Mwaka 1973 redio iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wakakaa kwenye vikundi vijijini kusikiliza na kujadili mambo ya vyoo, maji na malaria. Mafanikio hayo yakazaa kampeni nyingine mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Njaa iko mlangoni na redio inafundisha kupika. Unaweza kucheka, lakini fikiria lilivyokuwa jambo kubwa: kwa mara ya kwanza mke mpya wa kijijini aliweza kusikia habari za chakula kutoka kwa mtu asiye mama mkwe wake. Sauti ya redio ikasema mtoto apewe hiki na kile, mjamzito ale mayai. Mayai! Makabila mengi yalimkataza mjamzito mayai, na bi harusi mwenye tumbo akawa sasa ana shahidi wa serikali.

Yaani TikTok ya mapishi ilianzia Radio Tanzania, tofauti ni kwamba huku ulisikiliza mko arobaini chini ya mti na kulikuwa na karani wa kikundi.

Kuna kitu kingine cha miaka hiyo ambacho hakisemwi kwenye kicheni pati, na kingepaswa kusemwa kabla ya keki. Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Kimeandikwa waziwazi, na kimeandikwa kwa sababu watu walikuwa wanaamini haki hiyo ipo. Ugali mbichi, kofi. Mboga ya chumvi, kofi. Sheria hiyohiyo inataja mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika: ugoni, ukatili, kutelekeza na mengineyo. Kutojua kupika hakumo. Ukimkuta mtu anakutisha kwamba "utarudishwa kwenu kwa sababu ya ugali", muulize ni kifungu cha ngapi.

Bibi hakujua sheria hiyo alipoolewa. Wengi hawakuijua. Mumewe hakuwa mtu wa kupiga, kwa bahati yake. Jirani yake hakuwa na bahati hiyo, na bibi akilifikia hapo husema "basi tu" na kugeuza mazungumzo.

Wakati huohuo kuna kichekesho kikubwa ambacho wanaume huruka wakisimulia historia. Nani walikuwa wapishi wa mjini zama za mkoloni? Wanaume! Kwenye nyumba za Wazungu Dar es Salaam, Dodoma, Tanga, jikoni alikuwa mpishi mwanaume na aliyepeleka chakula mezani ni boi mwanaume. Walioka mikate, wakachoma kuku wa kujazwa, wakapika pudini. Wakirudi likizo kijijini, mtu huyohuyo anakaa kwenye kigoda anasubiri aletewe maji ya kunawa, jikoni haingii, eti mila. Kumbe mila ilikuwa inaangalia kama kuna mshahara.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ipite haraka, maana walioiishi hawapendi kuikumbuka. Vita vya Kagera vimeisha 1979, hazina imekauka, madukani hakuna sukari, hakuna sabuni, hakuna mafuta ya kupikia. Mashine ya kusaga ya kijiji, ile ambayo ingempumzisha mke magoti, ipo lakini dizeli hakuna. Walioolewa kipindi hicho walijifunza kupika bila vitu. Karanga zilizotwangwa ziliingia kwenye mboga pale ambapo mafuta yangeingia, na wengi mpaka leo wanaona mboga isiyo na karanga imepikwa na mtu mwenye haraka.

Sasa mama mkwe. Huyu aliyeuliza "kwenu mnakula nini".

Yeye aliolewa 1997, na alikuwa msichana wa Singida mjini. Mtoto wa mjini, ndiyo! Kwao waliona taa za umeme na walipika kwa mkaa na sembe nyeupe kama chaki. Akaletwa Sepuka kwenye kuni na mafiga matatu. Mwaka wenyewe ndio ule wa El Nino. Kuanzia mwishoni mwa 1997 hadi mwanzoni mwa 1998 mvua zilinyesha Tanzania kana kwamba mtu kasahau kufunga bomba, na maji yalikata barabara na reli.

Hebu washa kuni zilizolowa. Kuni mbichi hazitoi moto, zinatoa moshi na machozi. Tembe, zile nyumba za paa bapa la udongo, zimejengwa kwa nchi ya jua, na mvua ya mfululizo ni adui yake. Paa linavuja juu ya sufuria. Bi harusi wa mjini kapiga magoti anapuliza, macho mekundu, maji ya udongo yanadondokea kwenye uji, na ugali unatoka na rangi ambayo si ya uwele, si ya sembe, ni ya paa. Inasemekana baba mkwe alikula tonge moja, akatafuna, akasikia mchanga, akasema, "Leo tumekula nyumba."

Msemo huo ulidumu kwenye ukoo miaka kumi.

Kisha mafuta. Alizeti ndiyo iliyompa Singida jina, leo ukipita barabara kuu ya Manyoni kuja Singida utaona madumu na chupa za njano zimepangwa kama askari. Katikati ya miaka ya 1980 ilibuniwa huko Arusha mashine ndogo ya mkono ya kukamua alizeti, unasukuma na kuvuta mti mrefu kama unapiga pampu, na aina hiyo ya mashine ikasambaa. Baadaye za injini zikatawala. Mafuta yakarudi kwenye chungu cha mwanakijiji bila kusubiri meli wala mgao.

Ila mafuta ya kukamuliwa yasiyosafishwa yana tabia. Yana harufu ya alizeti yenyewe, na yanaanza kutoa moshi mapema sana kuliko yale ya dukani yaliyosafishwa. Msichana aliyezoea mafuta ya kopo aliyaacha motoni mpaka "yapate moto vizuri", kama alivyozoea. Moshi ukajaa, mafuta yakapata uchungu, samaki wa kukaanga akawa mweusi nje na mbichi ndani. Kosa lilelile la mkwewe wa 1974, ukiliangalia. Mkono unajua kitu kimoja, nyumba ina kitu kingine.

Na nani alimfundisha? Bibi. Alimkalisha chini akamwonyesha: moto mdogo, kitunguu kiingie mapema, usisubiri moshi. Hakumcheka, wanasema. Wifi zake ndio walimcheka. Wifi ni wifi kila karne.

Ndiyo maana jioni ile ya mlenda bibi alipomsikia mkaza mwanawe anamuuliza bi harusi "kwenu mnakula nini", aliacha kutafuna. Akamwita mama mkwe kwa jina lake la utotoni, mbele za watu, akamuuliza: "Na sisi mwaka ule wa mvua, tulikula nini?"

Kimya. Halafu mmoja wa wazee, aliyekuwa kijana mwaka 1997, akajibu kutoka gizani: "Nyumba!"

Boma zima likaangua kicheko, mama mkwe akiwemo, akajifunika uso kwa khanga. Ile status ikafutwa usiku huohuo, ingawa tayari ilikuwa imeangaliwa na watu mia moja na kitu.

Siku ya tano bi harusi alipewa kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida, ambaye wafanyabiashara humsafirisha mpaka Dar na wateja humlipia zaidi wakijua ni wa Singida. Yeye alimjua kuku wa kisasa, anayeiva ukimtazama tu. Akampa dakika ishirini. Kuku wa kienyeji wa dakika ishirini ni tairi. Bwana harusi alimng'ata, kuku akamng'ata yeye. Ikabidi arudishwe motoni saa nzima, na safari hii mama mkwe mwenyewe akakaa kwenye kigoda kando ya mafiga akielekeza: maji kidogo, funika, chumvi mwisho, tulia.

Na hapo ndipo ilipofichuka siri ya mtungi. Bi harusi alikuja na mtungi wake wa gesi wa kilo 6, zawadi ya kicheni pati. Ulikuwa umekaa chumbani umefunikwa kitambaa cha maua, kama mgeni ambaye hakuna anayejua amkalishe wapi. Mama mkwe alikuwa anauogopa, alishasikia umelipuka sijui wapi. Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Kwenye makaratasi inasomeka vizuri. Kwenye boma la Sepuka mkakati huo ni mama wa miaka hamsini anayenyoosha mkono na kiberiti huku mwili mzima umeegemea nyuma tayari kukimbia.

"Fungua kidogo mama. Hapana, washa kiberiti kwanza. Mama, kwanza kiberiti!"

Puu! Moto wa bluu. Mama mkwe akatoka mbio mpaka kwenye zizi la mbuzi.

Wifi mwenye simu alikuwepo. Alitazama simu yake, akamtazama mama yake kule zizini, akairudisha simu mfukoni.

Maji ya chai yalichemka kabla hajarudi. Alisimama mlangoni akitazama sufuria ambayo chini yake haina kuni, haina moshi, haina machozi, akauliza swali moja tu: inaisha lini, na kuijaza ni shilingi ngapi? Bi harusi akamtajia bei. Mama mkwe akapiga hesabu ya debe za alizeti kichwani, akatingisha kichwa, akasema basi hii iwe ya chai ya asubuhi na ya mgonjwa, ugali uendelee na kuni. Hesabu hiyo wanaoandika mikakati wangefaa waisikie.

Kuku akaiva usiku. Ugali ulikuwa wa uwele, umesongwa na bi harusi mwenyewe huku bibi akimhesabia unga kwa viganja. Madonge mawili tu. Mlenda ulinyunyizwa kwa vidole, hauna karoti. Sinia zikawekwa, watu wakanawa.

Bwana harusi akaanza kupekua bakuli la nyama taratibu. Akapekua tena. Kwa mila ya sehemu nyingi za Tanzania, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na hii ilikuwa ya kwanza ya ndoa yake. Akamtazama mkewe. Mkewe akaapa hajala. Mama mkwe akaapa hajala. Wifi wakatazamana.

Pale kwenye kigoda, pembeni ya ukuta, bibi alikuwa anatafuna kitu kigumu, polepole, macho kayafumba.